Eda na Njiwa wa Zuberi

Jumapili, 8 Februari

Nimeamua kuandika. Nyumba imenyamaza mno na mimi si mtu wa kusema na kuta.

Wanawake waliotoka Liège na Anvers na masufuria yao wamesharudi makwao. Walipika, walilia, waliosha vyombo. Zuberi wangu wanaume walimzika mwezi uliopita, mimi nikabaki hapa hapa kitandani, nimefunikwa khanga hadi puani.

Sasa niko edani. Miezi minne na siku kumi. Nguo zisizo na rangi, bila wanja, bila manukato, bila kutoka ila kwa dharura. Mama yangu alikaa eda kwetu Buyenzi, ua mzima umejaa majirani toka alfajiri, mpaka anaomba wamwache alale. Mimi eda yangu ni ghorofa ya pili huku ugenini, Anderlecht, na anayepiga hodi ni maman Mbombo wa chini tu. Lakini nitaikaa yote. Kuna nini kingine ninachoweza kumfanyia mume wangu? Chakula hali tena. Shati hapigiwi pasi tena. Imebaki hii.

Dirisha la jikoni linatazama bustani za nyuma. Mwisho wa bustani ya Viviane, jirani wa mtaa wa nyuma, ndipo lilipo banda la njiwa. Baba yake Viviane ndiye aliyemfundisha Zuberi kufuga njiwa wa mashindano. Mzee alipofariki, Viviane akamwambia Zuberi aendelee, banda ni lako. Kutoka hapa naliona vizuri, hata misumari. Kulifikia lazima ushuke, utoke barabarani, uzunguke mtaa mzima mpaka kwa Viviane.

Ndimo alimoangukia Zuberi. Asubuhi ya baridi. Nilimwona akiingia na ndoo ya maji. Nikammiminia chai. Hakutoka. Nikafunika kikombe na kisahani. Bado. Nikavaa koti nikaenda.

Sitaandika zaidi ya hapo leo.


Jumatano, 11 Februari

Binti yangu Aïcha anawalisha njiwa asubuhi na jioni, kabla na baada ya masomo. Anasomea unesi, staji yake, mafunzo ya kazi, iko hospitali ya Jette, na bado anapata nguvu ya kukwangua mavi ya njiwa. Namtazama kutoka hapa. Anatembea kama baba yake, mabega mbele.

Mimi sikuwapenda hao ndege. Jumamosi zote za kiangazi mume wangu yuko pale, shingo juu. Malori yanawapeleka njiwa Ufaransa, yanawaachia, na mabwana wazima wanasubiri bustanini nani atarudi wa kwanza. Tumechelewa harusi ngapi? Watu wanatuuliza mmekwama wapi, najibu, tulikuwa tunamsubiri ndege. Wanadhani ndege ya uwanjani.

Majina yao ni avenue za Buyenzi. Kwetu avenue, barabara za mtaa, zina namba, basi na wao ni Ya Tatu, Ya Kumi na Nne, Ya Ishirini na Moja. Yeye alizaliwa ya Kumi na Saba, mimi ya Tisa. Aïcha kaniambia leo, mama, unajua Ya Tisa ndiye baba alimpenda kuliko wote? Jike la kijivu, bawa moja jeupe. Si mwepesi, kasema, lakini hajawahi kukosa kurudi.

Mimi nilikuwa sijui hata kama yupo.

Maman Mbombo kapanda na pondu, kisamvu cha kwao. Ni Mkristo wa Lubumbashi, anauliza bila haya. Kasema: “Bon, maman Aïcha, miye niko nauliza tu. Kwetu tunalalaka ku kilio, tunalia, tunakula, kisha kila muntu anarudia kwake. Weye unabakia mu nyumba miezi ine? Juu ya nini?” Nikamwambia juu ya Zuberi. Akaiweka pondu mezani. Kisha akasema: “Sawa. Basi njo nitakuletea mboga.”


Alhamisi, 19 Februari

Ramadhani. Futari ya watu wawili. Nimepika uji mwingi kama zamani, umebaki nusu sufuria. Aïcha kaunywa bila hamu, ananionea huruma.


Jumapili, 22 Februari

Arobaini ya Zuberi. Hitma imesomwa hapa hapa sebuleni, wanaume sebuleni, sisi chumbani na jikoni. Mungu awalipe wote waliokuja na mvua ile.

Baada ya futari shemeji Ibrahim kabaki. Ni mdogo wake Zuberi, wa kumfuata. Ana duka la simu kule Matonge, mtaa wa Waafrika hapa mjini, mtu wa msikiti, mtu wa neno moja. Kwa msiba huu amebeba kila kitu, sina la kumlaumu. Kakaa, kakohoa, kasema: shemeji, na wale njiwa je? Tuwamalize. Ni halali, ni nyama safi, tuwachinje tulishe watu futari, thawabu ziende kwa marehemu.

Aïcha alikuwa anakusanya vikombe. Kaviweka chini kimoja kimoja. “Baba mdogo, hao ni wa baba. Msimu unaanza Aprili. Nitawapeleka mimi.”

“Kuwapeleka wapi?”

“Klabu.”

Bon. Hapo ndipo palipoharibika. Klabu yao iko kwenye bistro, baa ndogo ya mtaani. Ijumaa jioni watu wanaleta njiwa kuandikishwa, vikapu huku, bia huku. Zuberi alikuwa anakunywa maji ya gesi pale, miaka yote, kila mtu anajua. Lakini msichana, Ijumaa jioni, kati ya wazee na glasi zao? Ibrahim kasema, siyo maadam mimi nipo hai. Aïcha kasema, basi mama atanisindikiza. Ibrahim kamwangalia kama mtu asiyeelewa lugha. Mama yako yuko edani.

Wote wawili wakanigeukia. Nikasema, tusubiri eda yangu iishe, tutaongea. Ibrahim kasema, baada ya Idi waondoke. Kwa heshima yako sitawachinja, nitawatafutia pa kwenda.

Sikujibu. Nilidhani kunyamaza kwangu ni kukataa. Yeye kaondoka akidhani nimekubali.


Jumatatu, 2 Machi

Leo nimerudi kazini. Cheti cha daktari kimekwisha na nyumba haijilipi yenyewe. Nilimpigia shehe kwanza. Kasema kazi ni dharura, nenda mchana, rudi kabla ya usiku, usipitie kokote. Basi nimekwenda, nimesafisha korido zangu, nimerudi. Msimamizi kanipa pole na maua, nimemwachia maman mmoja wa Kinshasa maua yale kwa sababu yananukia.

Njia ya kwenda metro inapita kona ya mtaa wa Viviane. Kwa miguu yangu ni hatua chache tu. Nimepita nikitazama chini.

Nilimuuliza shehe pia: na njiwa wa marehemu je, ni dharura? Kacheka kidogo, mtu mpole. Akauliza, yuko mwingine anayeweza kuwalisha? Nikasema binti yangu. Basi siyo dharura, kasema.

Kwa hiyo kusafisha choo cha watu nisiowajua, ruhusa. Kumwona ndege wa mume wangu, hapana. Sibishani. Naandika tu.


Ijumaa, 20 Machi

Idi. Nimebaki ndani na gauni langu la kijivu. Watu wamekuja na mandazi na sambusa, wamekaa dakika chache, wananong'ona kana kwamba kuna mgonjwa.

Walipoondoka Aïcha kakaa miguuni pangu. Kaanza taratibu. Mama, Ijumaa moja tu. Njoo klabu na mimi, ukae pembeni na hijabu yako na nguo zako za eda. Wakikuona pale, baba mdogo hatakuwa na la kusema. Mashindano ya kwanza ni mafupi, wanaachiwa Ufaransa asubuhi, mchana wamefika. Viviane atatubeba na gari lake. Nimwandikishe Ya Tisa peke yake.

Nikasema hapana.

“Mais mama, kazini unaenda.”

Nilimwambia kazi ni jambo jingine. Akasema ndiyo, jambo jingine. Akaenda chumbani kwake. Sauti yake haikuwa ya ukali. Ingekuwa ya ukali ningelala vizuri.


Jumamosi, 28 Machi

Hatuongei sana, lakini hajaacha kazi yake. Leo Viviane na Aïcha wamewapeleka njiwa na gari mpaka upande wa Hal, nje ya mji, kuwaachia huko wajizoeze kurudi. Nilikuwa nakata vitunguu. Nikajikuta nimeacha kisu.

Wamerudi kabla ya gari. Kundi zima, wakageuka mara moja juu ya paa letu, wakatua. Wanaingia wenyewe kupitia kidirisha, mmoja mmoja, kama watu wanaovua viatu mlangoni. Nikamtafuta mwenye bawa jeupe. Alikuwa wa mwisho wa mwisho. Katua, kajinyoosha, katazama huku na huku, kaingia.

Miaka yote hii nimepika mbele ya dirisha hili na sikuwahi kukaa nione wakiingia. Nilikuwa namwona Zuberi tu. Nilikuwa nasubiri amalize.


Jumatano, 8 Aprili

Wamekwenda.

Nimerudi kutoka kazini saa kumi, nimeweka mkoba, nimetazama dirishani kama kawaida. Kidirisha cha banda kimefungwa kwa ubao. Kimya. Hakuna hata manyoya.

Nikampigia Ibrahim. Kasema ndiyo, shemeji, nimewapeleka leo asubuhi, Viviane alinifungulia kabla ya kwenda likizo, nilimwambia umekubali, kaniachia na funguo nimalizie usafi. Nimempa rafiki yangu mwenye banda la kuku upande wa Ninove. Mtu mzuri, atawatunza, hatawachinja. Bure, sijachukua kitu.

Nikamuuliza kwa nini hukusubiri. Kasema nilikwambia baada ya Idi, ukanyamaza.

Ni kweli. Nilinyamaza.

Aïcha karudi saa mbili. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Katazama dirishani, akavua koti, akalitundika, akakaa kwenye kiti cha baba yake. Kalia vile alivyokuwa analia alipokuwa mdogo, mdomo wazi, bila sauti. Nikamshika. 


Alhamisi, 9 Aprili

Ibrahim kaja mwenyewe. Nilimfungulia nikiwa nimekaza uso. Nimemweka sebuleni, mlango wazi, Aïcha jikoni hataki hata kumsalimia.

Nikamwambia ukweli, mara ya kwanza toka msiba. Shemeji, umenikosea. Ungekuwa ugomvi wa bistro tungeongea. Binti kasema atakwenda na mimi, na eda ina mwisho, mwezi wa tano si mbali.

Kakaa na kofia yake mikononi, anaizungusha. Kasema: “Si bistro, shemeji.”

Nikavuta kiti nikakaa.

Kasema kila akija kwetu, akifika jikoni kuosha mikono, analiona lile banda. Anaona mlango. Anakumbuka nilivyompigia simu siku ile, akaja mbio kutoka Matonge, akamkuta kaka yake sakafuni kwenye pumba na maji ya ndoo yamemwagika yameanza kuganda, na ndege wamekaa juu wanaangalia. Kasema, wale ndege walikuwa wanakula. Mtu amelala chini na wao wanakula. Siwezi kuwaona. Siingii tena mle, shemeji, hata mkinipa dunia. Jana wakati wa kuwabeba nilimlipa kijana awatie vikapuni, mimi nilisimama barabarani.

Nimemchemshia chai. Hakuinywa, Zuberi naye alikuwa haimalizi. Alipoondoka nilikuwa bado na hasira, lakini sikujua tena niiweke wapi.


Jumanne, 14 Aprili

Maman Mbombo kasikia kila kitu, ngazi zetu hazina siri. Kasema yeye angeshuka siku ile ile na kumtukana shemeji mbele ya duka lake. “Weye uko na moyo ya maji, maman Aïcha.” Kaniletea mboga ya lengalenga, ya friji, lakini nzuri.

Aïcha anafanya staji za jioni sasa. Kaziomba mwenyewe. Hataki kuwa hapa saa ya kuwalisha.

Nashona pindo za mapazia. Kulitazama banda lile tupu siwezi, na kutolitazama nako siwezi.


Jumamosi, 18 Aprili

Leo asubuhi nafungua dirisha kutoa moshi wa mafuta. Juu ya banda la Viviane kuna njiwa.

Nikadhani ni njiwa wa mtaani. Lakini huyu kakaa pale pale pa kuingilia, mbele ya ubao, anaugonga kwa mdomo. Anarudi nyuma, anasubiri, anagonga tena. Mguuni ana pete.

Nikampigia Aïcha. Nikamweleza ninachokiona. Kisha kacheka, kicheko cha kwanza toka Januari, na kilio ndani yake. Mama, kasema, yule mtu kawafungulia. Kadhani ni kuku. Njiwa mkubwa humpeleki kwingine ukamwachia, atarudi kwao hata ukae naye mwaka mzima. Watakuja wote, mama. Utaona.

Hadi jioni walikuwa watano. Wamelala juu ya paa, wamejikunja. Yupo kipanga anayekaa kwenye mnara wa kanisa, wote tunamjua. Viviane yuko Hispania. Funguo za mlango wa pembeni na za banda anazo Ibrahim.

Nimempigia mara mbili. Hakushika.


Jumapili, 19 Aprili

Mvua toka alfajiri. Aïcha yuko Jette mpaka saa tatu usiku, zamu ya wikiendi, hawezi kutoka.

Sasa wamejaa paa zima. Wanaendelea kufika wawili watatu, wamelowa, wanatua, wanakwenda mbele ya ubao, wanakuta pamefungwa. Hawaendi kwingine. Kuna chakula kwenye bustani zote hizi na hawaendi. Saa tano kipanga kapita. Wote wakaruka, mmoja hakurudi. Niliona manyoya tu. Sijui ilikuwa avenue gani.

Nimevaa koti. Nimelivua. Hata nikienda, funguo sina. Na hata ningekuwa nazo — shehe kasema kama yuko mwingine. Mwingine yuko. Ana duka Matonge na simu haishiki.

Saa nane kashika. Nikamwambia, shemeji, wamerudi. Kasema najua, rafiki yangu kanipigia, waache, watatawanyika. Nikamwambia hawatawanyiki. Wako kwao. Wanagonga mlango toka jana, na leo kipanga kachukua mmoja, na mimi nimekaa hapa nawatazama kwa sababu niko edani kwa ajili ya kaka yako. Sijatoka ila kazini, Ibrahim. Eda sijaivunja hata siku moja. Toka wewe, njoo uwafungulie.

Sijawahi kumwita Ibrahim bila shemeji. Kakata simu.

—

Saa kumi na nusu. Mlango wa pembeni wa Viviane umefunguka. Kaja.

Kasimama kwenye majani, mbali na banda, na mwavuli. Muda mrefu. Anaonekana mdogo kutoka juu. Kisha kafunga mwavuli, kaenda, katoa ubao. Funguo zimemponyoka, kaziokota. Kafungua kidirisha. Ndani hakuingia.

Njiwa wote wakaruka.

Wamezunguka, wametua, si kwenye banda, kwenye paa la jirani. Wanamwogopa. Anapunga mikono kama mtu anayeswaga mbuzi. Wanazidi kwenda mbali. Katazama juu, madirisha yote, mpaka kaniona.

Simu. “Shemeji, hawaingii.”

“Naona.”

“Shuka basi. Wewe wanakujua.”

Hawanijui. Wameniona mara moja tu, siku ile. Hilo sikumwambia. Nikamwambia: “Mimi niko edani, shemeji.”

Kabaki pale pale. Mvua inampiga kichwani, kofia imelowa.

Nikafikiri, Zuberi alikuwa anafanyaje. Nimemwangalia miaka yote hiyo, nina hakika nimeona. Na kweli nimeona. Alikuwa hawatazami. Anafungua, anasogea hatua mbili kushoto, anageuka anatazama ukuta, mikono nyuma, mpaka wamalize kuingia. Nilikuwa nikidhani anasali.

Nimemwambia: sogea kushoto. Zaidi. Sasa wape mgongo. Mikono nyuma. Usigeuke mpaka nikwambie. Weka simu mfukoni, usiikate, nitakusemesha.

Kafanya yote. Kageukia ukuta.

Naandika hapa dirishani, simu iko mezani na sauti imefunguliwa. Nasikia mvua yake. Mmoja ameshuka kwenye banda. Wa pili. Wanaingia, taratibu, mmoja mmoja. Yule wa bawa jeupe yumo kati yao, nimemwona, kaingia.

Sikujua wanafanana, yeye na Zuberi. Kwa uso hawafanani hata kidogo, Ibrahim ni wa upande wa mama yao. Lakini mgongo. Bega la kulia chini kidogo. Shingo ile. Vidole vya mkono mmoja vimeshika kiganja cha mwingine.

Wa mwisho kaingia. Paa ni tupu, dakika kadhaa sasa.

Anauliza kwenye simu: “Wameingia, shemeji?”

Hajageuka. Ananisubiri mimi; nikimjibu atageuka.

Anauliza tena.